Anatomia na fiziolojia kwa wiki tano za kiangazi huku napiga shifti za usiku: inawezekana au najidanganya?

ChumaChaSingida

Wakuu, habari za majukumu.

Niko huku Texas, maeneo ya Dallas, niliingia kwa bahati nasibu ya green card. Napiga CNA (msaidizi wa wauguzi) kwenye nyumba ya wazee, shifti tatu kwa wiki, saa moja usiku mpaka saa moja asubuhi. Lengo ni uuguzi, RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Chuo cha jirani kinataka uwe umemaliza BIOL 2401 na 2402, yaani anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, ndipo uombe nafasi, na alama za masomo hayo wanaziangalia kwa jicho kali.

Mshauri kanipa wazo nizichukue zote kiangazi hiki. 2401 inaanza Juni, wiki tano, halafu 2402 inafuata wiki tano nyingine mpaka Agosti. Nikitoboa nawahi dirisha la maombi. Nyumbani nilisoma PCB (fizikia, kemia, biolojia) mpaka kidato cha sita, kwa hiyo siyo kwamba naanza sifuri. Waliopita njia hii naombeni uzoefu. Kunisema ruksa, ila mnisemapo mniambie na cha kufanya.

Mgosi_wa_Korogwe

Ngoja waje wajuzi. Mimi nimekaa paleee mbele, mke wangu naye anaanza mwakani.

BabaWawili

Kimbia mkuu. Mambo ya wiki 16 wanakukandamizia kwenye wiki 5, halafu unarudi kazini kugeuza wazee usiku kucha? Chukua muhula wa kawaida, vuli siyo mbali. Hiyo C utakayoivuna kiangazi utaishi nayo kwenye maombi yako miaka yote. Haraka haraka haina baraka.

DadaWaMaabara

Baba Wawili usimkimbize mtu kabla hatujapiga hesabu. Mimi ninafundisha ziada kwenye kituo cha kusaidia wanafunzi cha chuo kimoja huku huku Texas, na kila Juni nawaona wakiingia. Wapo wanaotoka na A na wapo wanaopotea wiki ya pili. Akili siyo inayowatofautisha, tofauti iko kwenye ratiba na jinsi wanavyosoma.

Tuanze na saa. 2401 kwenye vyuo vya umma vya Texas ni saa 96 za darasani na maabara ukizijumlisha. Ukizigawa kwa wiki 16 ni saa 6 kwa wiki, mtu anazimudu hata akiwa na kazi. Ukizigawa kwa wiki 5 ni saa 19 na ushee kila wiki, kwa kawaida Jumatatu mpaka Alhamisi, karibu saa 5 kila siku. Hapo hujafungua daftari nyumbani. Weka saa 25 za kusoma mwenyewe, ukishusha chini ya hapo sahau A. Zinakuwa 44. Ongeza shifti zako tatu, saa 36. Zinakuwa 80. Ongeza usingizi wa saa 7 kila siku, 49. Wiki ina saa 168, zinakubakia 39 za kula, kuoga, foleni ya barabarani na kupiga simu Singida.

Kwenye karatasi inaonekana inatosha. Balaa ni kwamba shifti ya usiku haikai peke yake. Ukitoka kazini saa moja asubuhi na kipindi kinaanza saa mbili, unaingia maabara ukiwa maiti unayemwangalia maiti mwenzako. Na usingizi si anasa kwenye somo hili, uliyoyasoma mchana yanajipanga kichwani ukiwa umelala. Kwa hiyo sharti langu la kwanza: kwa wiki hizo tano ongea na msimamizi wako, shifti ziwe Ijumaa na Jumamosi usiku tu. Ukitoka Jumapili asubuhi unalala, jioni unasoma, Jumatatu unaingia ukiwa mzima. Akikataa, mfuate Baba Wawili, ukimbie.

Sharti la pili: usikose hata siku moja. Vipindi vyote ni kama 20. Kila kimoja ni karibu wiki nzima ya muhula wa kawaida. Harusi, msiba wa mbali, mgeni wa kumpokea uwanja wa ndege, vyote tafutia mtu wa kukuwakilisha.

Hiyo PCB yako itakubeba wiki ya kwanza: kemia, seli, utando wa seli, osmosisi. Baada ya hapo zinakuja tishu, na hapo ndipo wenye PCB wanapokamatwa kwa sababu walizoea kuchora, hawakuzoea kutambua. Unawekewa slaidi kwenye darubini, kila kitu ni rangi ya waridi na zambarau, unaulizwa hii ni tishu gani na utaikuta wapi mwilini. Picha ya kitabuni ni safi, slaidi ya chuo imechoka. Dawa yake ni kuziangalia zile zile slaidi za chuo kwa macho yako, mara nyingi, mpaka uone kwamba ile yenye vitundu vyeupe vikubwa ni mafuta na ile yenye mistari ya kukingama ni msuli wa mifupa.

Halafu inakuja mifupa, na huko wewe una mtaji ambao wenzako hawana. Nitarudi kuueleza, nina mwanafunzi sasa hivi.

Mpiga_Debe_Posta

Hahaha nyie watu wa majuu. Huku kwetu vijana wa udaktari wanapasua maiti halisi, wanasoma anatomia mpaka ndoto zao zinanuka fomalini. Nyie wiki tano na midoli ya plastiki halafu mnaitwa mmesoma anatomia!

Njoro_wa_Minnesota

@Mpiga_Debe_Posta buda, hii siyo anatomia ya daktari wa upasuaji, ni mlango wa kuingia uuguzi. Na siyo plastiki pekee, sisi tulipasua moyo wa kondoo, ubongo wa kondoo na jicho la ng'ombe. Hilo jicho likirusha maji ndio utajua hujui.

Bro wa Singida, mbona hujauliza kama chuo chako kina ile ya wiki 8? Kwangu huku ipo. Saa ni zile zile lakini zinagawanyika vizuri. Mimi niliichukua hiyo nikiwa na kazi na watoto wawili, na sikujuta. Kuna pia ya mtandaoni, ila chunga: programu zingine za uuguzi hazikubali maabara ya mtandaoni. Uliza ile programu unayotaka kuomba, usiulize chuo kinachokuuzia kozi.

ChumaChaSingida

Ya wiki 8 haipo kwetu kiangazi hiki, nimeangalia. Ya mtandaoni programu yangu imekataa maabara yake, asante kwa kunifumbua, nimewapigia leo. Dada wa Maabara tunasubiri huo mtaji.

DadaWaMaabara

Nimerudi.

Wewe ni CNA. Kila baada ya saa mbili unamgeuza mzee asiyejiweza. Kwa nini? Ili asipate vidonda vya kulalia. Vidonda hivyo vinatokea wapi? Pale mfupa unapokaribia ngozi na hakuna nyama ya kuukinga. Sasa pita navyo. Akilala chali: nyuma ya kichwa, huo ni occipital. Kiwiko, ile ncha unayoiwekea mto ni olecranon, na ni sehemu ya ulna, usije ukaiandika kwenye humerus. Chini ya kiuno ni sacrum. Kisigino ni calcaneus. Akilala ubavu: kile kinundu cha nje ya nyonga ni greater trochanter, kiko juu kwenye mfupa wa paja. Kifundo cha mguu kwa nje ni lateral malleolus, nacho ni cha fibula. Kwa ndani ni medial malleolus, cha tibia. Anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu unamwangalia makalioni, pale anapokalia panaitwa ischial tuberosity.

Majina nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye karatasi ya mtihani kwa sababu herufi zinahesabiwa. Ilium ni mfupa wa nyonga, ileum ni mwisho wa utumbo mwembamba. Herufi moja, na maksi imekwenda.

Watu wakisikia mifupa 206 wanadhani kazi ni kukariri majina 206. Mengi yanajirudia kushoto na kulia, hiyo ni nafuu. Kinachoulizwa ni alama zilizo juu ya mfupa: mashimo, matuta, mabonde, na je huu ni wa kulia au wa kushoto. Sasa shifti yako ni maabara ya pili. Unapomgeuza Bibi usiku, taja kimoyomoyo unachokigusa. (Kimoyomoyo, nasisitiza. Usimtajie Bibi.) Unapopima presha, ateri unayoisikiliza mbele ya kiwiko ni brachial. Mapigo ya kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba ni radial, kwa kuwa iko upande wa mfupa wa radius. Hao wazee waliovunjika nyonga, wengi wamevunjika shingo ya mfupa wa paja. Mtoto wa miaka 18 aliyekaa pembeni yako darasani hayo yote kwake ni maneno matupu.

Misuli ifanye hivyo hivyo, lakini kwa mwili wako. Kunja mkono, gusa biceps, sema inaanzia wapi, inashikia wapi, inafanya nini. Ukijua inapita juu ya kiungo kipi, kazi yake unaikisia bila kukariri.

Mama_Eliya_Lexington

Dada asante sana. Mimi niko Kentucky, nimetoka Kivu ya Kusini, masomo yangu yote nilifanya kwa Kifaransa. Shida yangu si biolojia, ni kasi. Mwalimu anasema haraka, ninapoandika neno moja yeye amepita kwa mengine matatu. Kwa muda mfupi hivi mtu wa lugha ya tatu anaweza kweli?

DadaWaMaabara

Mama Eliya, anaweza, lakini ahamishe kazi. Usiende darasani kuandika, nenda kusikia mara ya pili. Slaidi za mwalimu huwa ziko kwenye ukurasa wa kozi. Zisome jioni ya kuamkia kipindi, hata dakika 40, uyaone majina kwa macho kabla hujayasikia. Hapo neno likipita unalitambua, huandiki tena isipokuwa kile alichoongeza kwa mdomo. Muulize pia kama anaruhusu kurekodi sauti, wengi hawana shida ukiomba mapema. Majina ya Kilatini yatakusaidia kuliko unavyodhani, mengi Kifaransa nacho kimeyachukua, ingawa utakutana na yaliyobadilika: ile uliyofundishwa cubitus huku ni ulna, na péroné ni fibula.

Kitabu kama ni ghali, OpenStax wanacho cha anatomia na fiziolojia, ni bure kabisa mtandaoni, ni mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston. Unaweza kuanza leo hata kozi haijafunguliwa.

Tabata_Dallas

Naongezea kadi za Anki. Ni programu ya bure kwenye kompyuta na simu za Android, ya iPhone ndiyo ya kulipia. Inakurudishia kadi uliyokosea mapema na ile unayoijua inaichelewesha. Mimi mifupa na misuli nilimalizana nayo kwenye basi. Tengeneza kadi zako mwenyewe kutoka orodha ya mwalimu wako, usipakue furushi la kadi elfu kadhaa za watu wengine, utasoma vitu visivyokuhusu.

DadaWaMaabara

Naunga mkono, ila kadi ni za majina tu. Fiziolojia haikai kwenye kadi, na ndipo wengi wanapodondoka wiki ya nne na ya tano, inapofika misuli inavyojikunja na neva zinavyopeleka umeme. Wamechoka, wanasoma kwa kupaka kalamu ya rangi kitabu kizima kiwe njano, wanaona wameelewa kwa sababu macho yameshazoea ukurasa.

Chukua karatasi tupu, funga kila kitu, chora mwanzo hadi mwisho. Neva imetulia, ndani yake ni kama millivolti hasi 70 ukilinganisha na nje. Sodiamu imejaa nje, potasiamu imejaa ndani. Kichocheo kinaipandisha mpaka karibu hasi 55, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inamiminika ndani, umeme unapaa mpaka kama chanya 30. Milango hiyo inajifunga, ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, umeme unashuka, unapitiliza kidogo chini ya hasi 70, kisha unarudi. Pembeni kuna pampu isiyolala, inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kwa kila ATP moja (ATP ndiyo nishati ya seli). Ukikwama, acha pengo, fungua kitabu, funga tena, anza upya kutoka juu. Ile sehemu unayokwama kila mara ndiyo itakayokuja kwenye mtihani, sijui walimu wanajuaje.

Ukimaliza jiulize: nikiziba milango ya sodiamu itakuwaje? Umeme hautapita, ubongo hautapata habari ya maumivu. Ndiyo sindano ya ganzi ya daktari wa meno hiyo, lidokaini kazi yake ni hiyo.

Msuli nao vivyo hivyo. Kalsiamu inatoka ghalani, inashika troponini, troponini inaisogeza tropomayosini, nafasi zinaachwa wazi kwenye aktini, vichwa vya mayosini vinashika na kuvuta. Kuachia kunahitaji ATP mpya. Chuma, bila shaka umeshamhudumia mzee aliyefariki zamu yako, na unajua kwamba baada ya saa chache viungo vinakaza. Sababu ndiyo hiyo: ATP imeisha, vichwa vimeshika na hakuna wa kuviachisha. Swali hilo halikosekani.

Mgosi_wa_Korogwe

Nimesoma hapa mpaka mke wangu kanyang'anya simu. Dada na mtihani wa maabara wenyewe ukoje? Watu wanautisha.

DadaWaMaabara

Unaingia, meza zimepangwa kuzunguka chumba, kila meza ina kitu: mfupa wenye kibandiko, modeli ya sikio yenye pini, darubini iliyoelekezwa sehemu moja. Una kama dakika moja, dakika na nusu, saa inalia, wote mnahamia meza inayofuata, hakuna kurudi. Kinachotisha ni ule mlio. Aliyesoma kwa picha za kitabuni anafika kwenye modeli iliyogeuzwa mgongo na hajui aanzie wapi. Ndiyo maana saa za maabara huria zikitangazwa, uwe wa kwanza mlangoni. Omba ruhusa upige picha modeli zile zile za chuo chako, kila upande, halafu nyumbani jitahini nazo kwa saa ya simu.

BabaWawili

Sawa, nimekusoma. Lakini mbona hakuna anayezungumzia kuacha? Akiona maji yamezidi unga atoke vipi bila kuharibu?

Njoro_wa_Minnesota

Swali poa sana hili. Na pesa pia, kama anatumia Pell, ile ruzuku ya masomo ya serikali.

Tabata_Dallas

Kwa Texas nalijua. Kuna siku inaitwa ya hesabu rasmi. Muhula mrefu ni siku ya 12 ya masomo, kiangazi cha wiki tano ni siku ya NNE. Ukitoka kabla yake, kozi haionekani kwenye rekodi yako. Ukitoka baadaye unapata W, alama ya kwamba uliacha. W haishushi GPA (wastani wa alama zako), lakini kwenye vyuo vya umma vya Texas una nafasi 6 tu za kuacha masomo kwa shahada yako yote ya kwanza, usizichezee. Na marejesho ya ada ni asilimia 100 kabla ya siku ya kwanza ya masomo tu, baada ya hapo inaporomoka. Pell ya kiangazi ipo tangu 2017 waliporudisha ile ya mwaka mzima, ila kama umeshakula mgawo wako wote wa mwaka, ili upate wa ziada lazima uwe umejiandikisha angalau nusu ya mzigo. Kozi moja ya krediti 4 kwa kawaida haifiki nusu. Nenda ofisi ya misaada kabla hujalipa chochote.

DadaWaMaabara

Hapo kwenye siku ya nne sikiliza vizuri, Chuma. Kwizi ya kwanza mara nyingi inakuja siku ya pili au ya tatu. Ukipata chini ya 70 na ulisoma kweli kweli, toka. Ukipata chini ya 70 kwa sababu ulitoka shifti, toka pia.

Na ushauri wa kuchukua zote mbili mfululizo siukubali, samahani kwa mshauri wako. 2401 sehemu kubwa ni kutambua na kukumbuka, mtu mwenye nidhamu anaibeba kwa wiki tano. 2402 ni sababu na matokeo: homoni, moyo, mapafu, figo, kila kimoja kimemshika mwenzake mkono. Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku na unakojoa lita moja na nusu, zilizobaki zinarudi vipi, wapi, kwa amri ya homoni gani? Mtu akipoteza damu, presha inashuka, mapigo yanakwenda mbio, figo zinamwaga renini, mpaka aldosteroni inafanya sodiamu ishikiliwe. Mnyororo kama huo unahitaji siku za kuusahau na kuurudia, na wiki tano hazina siku hizo. Halafu ndiyo fiziolojia utakayoitumia wodini kila siku. Chukua 2401 kiangazi, 2402 muhula wa vuli wa wiki 16.

ChumaChaSingida

Mrejesho wakuu. Msimamizi kakubali Ijumaa na Jumamosi kwa Juni yote mpaka mwanzoni mwa Julai, ila kanipa sharti nimsaidie sikukuu ya Julai 4 usiku. Programu ya uuguzi wamesema dirisha la masika wanapokea hata kama 2402 bado inaendelea, bora iwe imeisha kabla ya masomo kuanza. Kwa hiyo naenda na 2401 pekee. Pell nimekosa kama Tabata alivyosema, ada nalipa kwa awamu.

Dada, hiyo Julai 4 niikubali?

DadaWaMaabara

Chuo kimefungwa tarehe 4, lakini angalia silabasi yako mtihani wa mwisho ni lini. Ukiwa tarehe 6 au kabla, mkatalie, mpe Jumapili mbili za Agosti badala yake. Na orodha ya mifupa ya mwalimu ikishatoka niitumie inbox, nitakuwekea alama zile zinazochanganya watu. Mama Eliya na wewe tuma ya kwenu.

Mpiga_Debe_Posta

Nafuta kauli ya midoli. Binamu yangu yuko Houston, namtumia uzi huu sasa hivi.